Chungu kimoja cha uwatu, watu watatu

Swali: Shikamoo mama. Nipo Tanga, nimejifungua mtoto wangu wa kwanza wiki tatu zilizopita na arobaini naikalia kwa mama mkwe. Kila asubuhi na jioni ananipikia uji wa uwatu, bakuli zima, anasema bila uwatu maziwa hayatoki. Ninakunywa, lakini tumbo linanguruma usiku kucha, na mtoto ananukia kama sukari iliyoungua, mpaka nepi zake. Juzi mama mkwe alitaka kumpa mtoto kijiko cha maji ya uwatu kwa ajili ya chango, nikasingizia amelala. Wifi yangu ana mimba ya miezi mitano, naye anakunywa uji huohuo. Halafu mama yangu mzazi, ana miaka 58 na ana kisukari. Niliposimulia habari za uwatu kwenye simu, akaanza kuuloweka na kunywa maji yake, na sasa ni siku ya kumi hajameza vidonge vyake vya metfomini na glibenklamidi. Jana kabla ya kula alipima sukari ikasoma 13.6. Uwatu ni dawa au ni chakula? Nani aendelee na nani aache?

Jibu: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kujifungua salama. Nitaanza na aliye mbali nawe, mama yako, kwa sababu habari ya maziwa inaweza kungoja mpaka umalize kusoma, lakini sukari yake haingoji.

Mpigie leo. Mwambie arudie vidonge kama alivyoandikiwa, kuanzia dozi inayofuata, na asijaribu kufidia zile alizoruka kwa kumeza viwili viwili. Kwa mtu mwenye kisukari, kabla ya kula tunapenda kuona kipimo kati ya 4 na 7 hivi (milimoli kwa lita), 13.6 ni karibu mara mbili ya ukomo huo, na hiyo ndiyo hali ya mwili wake akiwa anategemea maji ya uwatu peke yake. Ukisikia kwamba ana kiu isiyokatika, anatapika, anapumua kwa haraka au maneno yake hayashikani, apelekwe hospitali leo leo. Kama hana dalili hizo, bado aende kliniki yake wiki hii na kadi yake mkononi, aseme wazi kwamba aliacha vidonge na alikuwa akinywa uwatu. Najua kwa nini wazee huficha: wanaogopa kugombezwa. Lakini daktari asiyeambiwa ataona 13.6 na kudhani vidonge vimeshindwa kazi, kisha atamwongezea dozi ambayo hakuihitaji.

Nitarudi kwake. Kwanza tuuangalie uwatu wenyewe, maana swali lako la "dawa au chakula" ndilo lenye jibu la kila mmoja wenu.

Uwatu ni wa jamii ya kunde. Ni ndugu wa choroko, dengu na karanga, na ukiupanda hutoa maganda membamba yaliyopinda kama jambia dogo, ndani yake mkiwa na mbegu za rangi ya asali zenye mfuo ubavuni. Gramu 100 za mbegu kavu zina protini gramu 23 hivi, na nyuzi karibu gramu 25. Sehemu kubwa ya nyuzi hizo ni ule ute. Tia kijiko cha mbegu katika glasi ya maji usiku, asubuhi utakuta zimevimba na maji yanateleza. Ute huo hauingii kwenye damu. Unafanya kazi yake tumboni na unatoka. Huo ni upande wa chakula.

Upande wa pili ni uchungu na harufu. Humo mna vitu vidogo vinavyovuka utumbo, vinaingia kwenye damu, jasho, mkojo na maziwa. Huo ndio upande wa dawa, na dawa yoyote huuliza maswali mawili: kiasi gani, na kwa nani. Kijiko cha chai cha uwatu kilichogawanyika katika sufuria ya mchuzi wa watu sita hakina haja ya kuulizwa lolote. Mabakuli mawili mazito kwa siku, kwa mtu mmoja, kwa siku arobaini, ni dozi ambayo hakuna aliyekupimia.

Sasa harufu ya mtoto, maana najua imekutisha kuliko ulivyoandika. Inatoka kwenye uwatu. Kuna kiini kimoja kiitwacho sotoloni ambacho kwa wingi kwenye uwatu hunukia mchanganyiko wa viungo, na kikiwa kidogo sana hunukia sukari guru inayoungua. Mwili hauwezi kukihifadhi, unakitoa kwa jasho na mkojo, na kwa mama anayenyonyesha harufu humfikia mtoto pia. Ni kiini hichohicho kinachoipa harufu sharubati ya utomvu wa mti ambayo Wamarekani humimina juu ya chapati zao za maji. Kuanzia mwaka 2005 watu wa New York walikuwa wakipiga simu kwa serikali ya jiji kwa sababu mitaa mizima ilinukia sharubati hiyo bila kujulikana inatoka wapi. Wengine walihofia ni sumu. Mwaka 2009 jiji likatangaza kwamba upepo ulikuwa ukileta harufu kutoka kiwanda cha New Jersey, ng'ambo ya mto, kilichokuwa kikisindika mbegu za uwatu.

Jambo hili lina upande mmoja ambao si wa kuuchukulia wepesi. Uko ugonjwa adimu wa kurithi ambao mwili wa mtoto hushindwa kuvunja baadhi ya sehemu za protini, na mkojo wake hunuka hivyohivyo. Watoto wamewahi kudhaniwa wana ugonjwa huo, kumbe ni uwatu tu. Hatari ya kinyume chake ipo pia: mtu akasema "ni uwatu tu" kumbe mtoto anaumwa. Tofauti utaiona kwa mtoto mwenyewe. Mwenye ugonjwa huanza kukataa titi ndani ya siku za mwanzo, hulala kama aliyezimia, hutapika, mwili hulegea au kukakamaa. Wako ana wiki tatu na ukisema ananyonya vizuri na analia kwa nguvu, sina wasiwasi. Hata hivyo, punguza uwatu kama nitakavyokueleza hapa chini na uangalie: harufu inatakiwa iishe ndani ya siku chache. Ikibaki, mpeleke akaonwe. Na siku yoyote atakapolazwa kwa sababu yoyote ile, mtajie daktari kwamba unatumia uwatu.

Tuje kwenye maziwa. Mama mkwe wako anasimama juu ya mila ndefu sana. Waarabu wanauita hulba, neno lenye herufi tatu za asili zilezile za halib, maziwa. Oman, mzazi hupewa hulba. Kwa jirani zako Wahindi, mzazi hutengenezewa vitumbua vidogo vya mviringo, laddu za methi, kwa samli na sukari guru. Ethiopia wanauita abish. Mbegu zake zimekutwa katika kaburi la Tutankhamun, Farao aliyekufa zaidi ya miaka 3,300 iliyopita. Bibi yangu Pangani alikuwa akiutwanga kwenye kinu kidogo kilichotengwa kwa kazi hiyo tu, kwa sababu kinu kikishazoea uwatu hakitwangi tena iliki. Sitamcheka mkweo, na wewe usimcheke.

Lakini ukiniuliza kama umethibitika kuongeza maziwa, jibu langu la kweli ni: kidogo, na kwa shaka. Uturuki walifanya jaribio kwa wazazi 66 waliogawanywa makundi matatu. Waliokunywa chai ya mitishamba yenye uwatu walitoa maziwa mengi zaidi katika siku za mwanzo, na watoto wao walirudia uzito wa kuzaliwa mapema. Ila chai ile ilikuwa mchanganyiko wa mimea kadhaa, kwa hiyo huwezi kuupa uwatu sifa zote. Mwaka 2020 wataalamu walikusanya majaribio yote ya vitu vya kuongeza maziwa, dawa za duka kwa mitishamba, wakakuta ushahidi wenyewe ni dhaifu sana. Mimi katika miaka yangu ya kaunta ya dawa nimeona wazazi walioapa kwamba uliwasaidia na wengine waliopata kuhara tu.

Maziwa hutengenezwa na titi lililonyonywa likaisha. Titi likikaa limejaa, mwili unapata habari kwamba mahitaji yametimia na unapunguza. Kwa hiyo kinacholeta maziwa ni mtoto kunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwamo, mdomo ukiwa wazi na umeshika sehemu ya weusi, asining'inie kwenye chuchu peke yake. Mengine ni chakula, maji, na usingizi unaoupata mtu mwingine akikubebea kazi. Hapo ndipo mkweo anapokusaidia kwelikweli. Bakuli la uji wa moto linakuja na mtu aliyekuambia ukae, akakufulia nepi na kukukanda kwa maji ya moto. Ninaamini nusu ya sifa za uwatu ni za mikono inayoupika.

Utajuaje kama maziwa yanatosha? Usiangalie titi, mwangalie mtoto. Mtoto wa umri wake analowesha nepi sita au zaidi kwa siku, mkojo ukiwa mweupe. Kufikia wiki mbili awe amerudia uzito wa kuzaliwa, na baada ya hapo apande kila anapopimwa. Chukua kadi ya kliniki uangalie. Kama anapanda, huna upungufu wa maziwa na huhitaji dawa ya kuyaongeza. Kuyazidisha kutakupa matiti yaliyovimba kama mawe, na mtoto anayekohoa kila akishika chuchu kwa sababu yanamiminika kuliko anavyoweza kumeza. Kama hapandi, uwatu hautoshi pia: nenda ukaonwe namna mnavyonyonyeshana, na mtoto aangaliwe ulimi na afya yake.

Ukitaka kuendelea nao, kwa sababu ya mila au kwa sababu unakupa moyo, fanya hivi. Muulize mama mkwe kwa adabu anatia kiasi gani. Nadhani utasikia "gao" au "ngumi", na ngumi moja ni gramu nyingi sana. Shusha mpaka kijiko kimoja cha chai cha mbegu kavu kwa siku, ambacho ni kama gramu 4, wala usizidi viwili. Uloweke usiku kucha, mwaga yale maji ya kwanza, kisha upike mpaka ziive ndani ya uji wa mtama au wa mchele, tia maziwa au tui. Utaona hata uchungu umepungua na tumbo limetulia. Kunguruma kwako ni ile nyuzi nyingi inayochacha utumboni. Hakuna ajabu ndani yake. Mtoto naye akiwa na gesi au choo chepesi isivyo kawaida yake, acha siku tatu uone. Wanaoona faida huiona ndani ya siku mbili tatu. Wiki ikipita bila tofauti yoyote, hakuna sababu ya kuendelea kuumiza ulimi.

Usiutumie kabisa kama una mzio wa karanga au dengu, maana mwili unaweza kuuona uwatu kama ndugu wa adui yake. Mwenye pumu asikae karibu unapotwangwa. Vumbi lake limewahi kuwaamshia watu shambulio. Na anayetumia wafarini ya kuyeyusha damu auache mpaka azungumze na daktari wake.

Kijiko cha chango: hapana. Umefanya vyema kukwepa, ila safari ijayo usisingizie usingizi, sema. Mtoto wa wiki tatu anatakiwa maziwa yako peke yake mpaka afike miezi 6, bila maji hata tone. Ute unajaza tumbo lake dogo na kumwondolea hamu ya kunyonya, maji yanaweza kuja na vijidudu, na ukimpa uwatu moja kwa moja umempa dozi ya mtu mzima kwa mwili wa kilo nne. Kulia kwa jioni kwa watoto wa umri huu huongezeka mpaka kama wiki ya sita kisha kunapungua kwenyewe. Mbebe wima baada ya kunyonya, mcheulishe, mlaze kifudifudi juu ya kifua chako ukiwa macho. Kwa mama mkwe unaweza kusema: "Mama, kliniki wamenikataza kumpa kitu chochote, na mimi nakunywa uwatu kwa niaba yake." Maneno hayo si uongo, na hayamvunjii heshima mzee.

Wifi yako aache uji huo leo. Hapa sina "labda". Uwatu kwa wingi umejulikana tangu kale kwamba unachochea mji wa mimba. Ndiyo maana wakunga wengine huutoa uchungu unapochelewa. Zipo pia taarifa za watoto waliozaliwa na kasoro baada ya mama zao kuutumia kwa wingi wakiwa wajawazito, na wanyama wa maabara waliolishwa dozi kubwa walipata madhara. Mchuzi wenye bizari ya uwatu ale bila hofu, huo ni upande wa chakula. Uji wa uwatu, chai ya uwatu na unga wa kumeza kwa kijiko aviweke mpaka baada ya kujifungua. Ameshakunywa kwa muda, asife moyo wala asijilaumu. Amweleze mkunga kliniki, na akiona damu, maji au maumivu ya kubana na kuachia asingoje tarehe ya kliniki.

Nilisema nitarudi kwa mama yako. Inaniuma kila mara mgonjwa akija amechagua kati ya uwatu na vidonge, kwa sababu katika hili uwatu una kitu cha kweli ndani yake, na unastahili kutumiwa vizuri. Ule ute ukichanganyika na chakula tumboni hufanya kitu kama uji mzito. Chakula hushuka polepole, na sukari huingia kwenye damu kidogo kidogo badala ya kumiminika. Tena kuna kiini kingine ambacho kwenye maabara huisukuma kongosho itoe insulini sukari inapokuwa juu. Watafiti wa Hyderabad, India, walionesha mwaka 1990 kwamba wagonjwa wa kisukari wanaojidunga insulini, walipokula mikate yenye unga wa uwatu gramu 100 kwa siku, sukari iliyokuwa ikitoka kwenye mkojo ilipungua kwa asilimia 54. Angalia hiyo gramu 100. Ni unga uliotolewa mafuta, na ni vijiko zaidi ya ishirini na tano vya chai kwa siku. Nyumbani hakuna anayeweza.

Kwa kiasi cha binadamu wa kawaida, India tena, watu 140 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda lakini hawajaugua walifuatiliwa miaka mitatu. Waliotumia gramu 10 kwa siku, nusu asubuhi na nusu jioni, waliugua kisukari kwa uchache. Wasioutumia walikuwa na uwezekano zaidi ya mara nne. Ni jaribio dogo na ningependa kuona kubwa zaidi, lakini linanifanya nisimkataze mtu uwatu. Ila soma vizuri walikuwa nani: hawakuwa wagonjwa wa miaka mingi walioacha vidonge. Mama yako ni mtu tofauti.

Halafu namna anavyoutumia ni ya kupoteza. Amesema analoweka na kunywa maji. Sehemu kubwa ya ute imebaki kwenye mbegu anazozitupa! Anakunywa uchungu na kuacha msaada. Akishaonana na daktari wake na kuruhusiwa, ale mbegu zenyewe: zilizolowekwa na kupikwa ndani ya dengu au mchicha, au unga wake kwenye unga wa chapati. Aanze na kijiko kimoja cha chai kwa siku, na asivuke viwili na nusu, ambavyo ndivyo kama zile gramu 10. Uteute huohuo unaopunguza kasi ya sukari unaweza kupunguza kasi ya dawa kuingia, kwa hiyo avitenge kwa saa mbili angalau. Njia nyepesi ni hii: metfomini kwa kawaida humezwa na chakula asubuhi na jioni, basi uwatu uwe wa mchana.

Glibenklamidi ndiyo ninayoiangalia zaidi. Dawa hiyo huishusha sukari hata kama hujala, na uwatu ukiongezwa juu yake, hasa mchana wa kazi au siku ya kufunga, sukari inaweza kuanguka. Mfundishe dalili: jasho la ghafla, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya kichaa, macho kuona ukungu. Akizihisi, apime kama kipimo kiko karibu. Chini ya 4 au asipokuwa na kipimo, anywe vijiko vya chai vitatu hadi vinne vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, akae, apime tena baada ya dakika 15, kisha ale chakula. Ute wa uwatu hauna nafasi saa hiyo. Na kwa wiki mbili za mwanzo akitumia vyote viwili, apime kabla ya kula asubuhi kila siku na kuandika kwenye daftari, amwoneshe daktari. Huenda siku moja daktari akapunguza vidonge. Apunguze daktari.

Watakutumia na mengine kwenye simu, kwamba uwatu hukuza makalio, matiti na nywele. Makalio, hapana. Nywele, ute wake hulainisha nywele kavu vizuri sana na hurahisisha kuchana, basi. Sijaona ushahidi wa kukuza. Na mbegu zilizochipushwa, ambazo siku hizi huliwa mbichi kwenye kachumbari, mimi sizili bila kuzipika. Mwaka 2011 nchini Ujerumani bakteria hatari wa utumbo walipitia kwenye chipukizi mbichi za uwatu, watu karibu 4,000 wakaugua na zaidi ya 50 wakafa. Mazingira ya joto na unyevu yanayoamsha mbegu huwaamsha na wao.

Unaponunua, chukua mbegu nzima, ngumu, za rangi moja, zisizo na vumbi wala harufu ya ghala. Unga uliokwisha kusagwa hujui umechanganywa na nini, na harufu yake hupotea upesi. Kwenye kikaango utumie moto mdogo na usiondoke: mbegu zikishika rangi ya hudhurungi nyepesi, epua. Zikizidi kidogo tu zinakuwa chungu kiasi kwamba sufuria nzima haiokoki. Kwenye bizari ya mchuzi, kijiko kimoja cha chai kwa kikombe kizima cha giligilani kinatosha. Kwenye achari ya maembe unapondwa pamoja na haradali. Na ukitaka majani, ambayo Wahindi wa Tanga huyaita methi na kuyauza kwa mafungu, tia mbegu kwenye beseni lenye udongo, zitaota ndani ya siku chache na wiki ya nne unakata. Yapike na viazi. Majani hayana ule uzito wa mbegu, hata wifi yako anaweza kula fungu lake kama mboga nyingine.

Kuna pishi moja ningependa mkweo alijue, kama halijui, kwa sababu linahifadhi mila na kupunguza dozi kwa mpigo mmoja. Familia zenye asili ya Hadhramaut hulipika pwani yote, na Yemen huwekwa juu ya mchuzi wao wa saltah. Kijiko kimoja kikubwa cha unga wa uwatu, kwa watu sita au zaidi, loweka kwenye maji mengi tangu usiku. Asubuhi maji yote yamwage polepole. Uchungu mwingi unaondoka nayo na unga uliovimba unabaki chini. Upige kwa uma au kwa mkono, dakika kumi bila kuchoka, mpaka ubadilike kutoka manjano kuwa mweupe na kuumuka kama povu la yai. Hapo tia ndimu, chumvi, kitunguu thomu, giligilani mbichi na pilipili uliyosaga na nyanya. Mnaweka kijiko kidogo juu ya mchuzi wa nyama unaochemka na kuchovya kwa mkate wa mofa. Siku hiyo usinywe uji. Fungu lako la uwatu limo humo, na mama mkwe atakuona unakula kwa hamu.